Kuendelea au Kuacha: Hotuba kwa Waandishi wa Tafakari za Kikristo, Kisumu

Waheshimiwa wachungaji, wazee wa kanisa, akina mama na akina baba, nanyi vijana mliosafiri kutoka Kakamega, Vihiga, Siaya, Homa Bay na hata Nakuru, Bwana Yesu asifiwe.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo wengi wetu tumekuwa tukilijadili pembeni wakati wa chai, na ambalo halijapewa nafasi yake katika mikutano yetu. Mtu ambaye kwa muda mrefu amekuwa akiandika juu ya maisha yake na Mungu, akiwapelekea wengine wasome, atajuaje kama aendelee au aache? Siwazungumzii maprofesa wa vyuo vya theolojia wala wahariri wa magazeti ya kanisa, ambao wana mwajiri na mkataba wa kuwaonyesha kazi inapoanzia na inapoishia. Namzungumzia mwalimu, muuguzi, karani, mama wa nyumbani, mwanafunzi wa chuo, ambaye watoto wakishalala huketi mezani akaandika alichofunzwa na Neno na maisha katika wiki hiyo, kisha akakituma kwa simu au akakipeleka kanisani kichapishwe nyuma ya karatasi ya matangazo. Hakuna aliyemwajiri, kwa hiyo hakuna wa kumwambia astaafu. Swali hili humjia akiwa peke yake, na mara nyingi humjia usiku akiwa hoi.

Mimi ni mmoja wa watu hao, na kwa miezi kadhaa nimekuwa nikilibeba swali hili mbele za Mungu. Nimefikia uamuzi, nami nitawaeleza kabla sijaketi, lakini kwanza nataka tuipitie njia iliyonifikisha huko, kwa sababu uamuzi wa mtu mmoja hauwafai wengine wasipojua sababu zake.

Wengi huanza kujiuliza kwa sababu ya uchovu. Uchovu si dhambi, na Biblia haikuuficha. Baruku mwana wa Neria, aliyeandika kwa wino maneno yaliyotoka kinywani mwa Yeremia, alilalamika kwamba Bwana ameongeza huzuni juu ya maumivu yake, kwamba amechoka kwa kuugua, wala haoni raha yoyote. Malalamiko hayo yamo katika sura ya 45 ya kitabu cha Yeremia, sura ya aya tano tu ambayo wahubiri wengi huiruka, nami naamini kila mwandishi Mkristo angefaa aijue kwa moyo. Jibu alilopewa Baruku halikumruhusu aiweke kalamu chini, wala halikumsifu kwa kazi yake. Aliulizwa, “Je! Unajitafutia mambo makuu?” kisha akaambiwa, “Usiyatafute.” Akaahidiwa uhai wake popote atakapokwenda, na hapo sura ikaisha.

Yaliyofuata yamo katika sura ya 36. Mfalme Yehoyakimu alikuwa ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, moto ukiwaka mbele yake, na kila zilipokwisha kusomwa kurasa tatu au nne za gombo lile alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likateketea. Baruku akachukua gombo jingine, akaandika upya kila neno, na maneno mengine mengi ya namna ileile yakaongezwa. Sijaona mahali popote panaposema kwamba uchovu wake ulikuwa umekwisha. Aliandika tena kwa sababu watu waliokusudiwa, nyumba ya Yuda, walikuwa bado hawajageuka kutoka njia zao, na Mungu alikuwa bado anataka wasikie. Nawaomba mlishike hilo, kwa maana ndilo nitakalolijenga katika muda uliobaki: walengwa wa maandishi ndio wanaoamua kama maandishi yaendelee, na uchovu wa mwandishi humwonyesha tu kwamba anahitaji kulala.

Idadi ya wasomaji sitaipa muda mrefu. Mnajua nyote jinsi inavyoweza kumwinua mtu Jumatatu na kumwangusha Alhamisi, na Bwana wetu alikwisha kutuonya katika Mathayo 6 tusifanye wema wetu machoni pa watu kusudi tutazamwe nao. Mtu anayeendelea kwa sababu idadi inapanda na mtu anayeacha kwa sababu inashuka wamemkabidhi bwana mmoja uamuzi wao, naye si Kristo.

Sasa naomba tuangalie maandishi haya tunayoyaandika yametoka wapi, kwa sababu eneo hili letu si geni katika kazi ya maandishi ya Kikristo. Marafiki, yaani Waquaker, walifika Kaimosi mwaka 1902. Waanglikana walianzisha kituo cha Maseno mwaka 1906, na mwaka huohuo Waadventista wakafika Gendia, karibu na Kendu Bay, ambako mpaka leo pana nyumba ya uchapishaji. Agano Jipya la Kimaragoli lilifasiriwa na Emory Rees akishirikiana na Joel Litu, Mmaragoli aliyeijua lugha ya mama yake kuliko mgeni yeyote angeweza kuijua. Na hapa Kisumu tunamkumbuka Askofu Henry Okullu, aliyeiongoza Dayosisi ya Maseno Kusini kuanzia mwaka 1974 hadi 1994, ambaye kabla ya kuvaa kilemba cha uaskofu alikuwa mwandishi wa habari na mhariri wa gazeti la kanisa lililotoka kwa Kiingereza kwa jina la Target na kwa Kiswahili kwa jina la Lengo. Tunao basi watangulizi wa kuwatazama.

Hata hivyo, tafakari za mtu binafsi hazikutoka moja kwa moja katika viwanda vya uchapishaji wala katika ofisi za wahariri. Kwa maoni yangu zimetoka katika ushuhuda. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini nchini Rwanda katika miaka ya 1930, ukapita Uganda na kufika Nyanza kabla ya muongo huo kwisha, uliwapa wakulima na wake zao ujasiri ambao hawakuwa wamepewa na shule za misheni. Mtu asiye na cheo, asiye na vazi la kasisi, aliweza kusimama katika ushirika akaeleza kwa kinywa chake mwenyewe alichotendewa na Yesu tangu walipoonana mara ya mwisho, pamoja na dhambi aliyoungama na deni alilokwenda kulilipa. Wengi wetu hapa tulilelewa na babu na nyanya waliozoea mikutano hiyo, na namna yetu ya kuandika, yaani kusema “mimi” bila kuona haya na kulitaja jambo la nyumbani kama mahali Mungu alipokutana nasi, tuliirithi kwao.

Lakini tazameni ushuhuda ule ulivyokuwa umezungukwa. Mtu alishuhudia mbele ya watu walioijua nyumba yake, ng’ombe wake na madeni yake. Mke wake alikuwa ameketi palepale kwenye benchi. Akitia chumvi, macho ya jirani yalimwambia, na akisema jambo lisilopatana na maisha yake, ndugu wa ushirika walimfuata nje wakamuuliza kwa upole, na wakati mwingine si kwa upole sana. Ushuhuda haukuwa mali ya msemaji peke yake, kwa kuwa waliousikia walikuwa na haki ya kuujibu. Sisi tumeuchukua ushuhuda tukautoa katika chumba kile, tukautuma kwa watu wasioijua nyumba yetu, na hakuna anayeweza kutufuata nje baada ya ibada. Tumepata wasomaji wa mbali, na kwa hilo namshukuru Mungu, lakini tumepoteza benchi lile. Naamini sehemu kubwa ya mashaka yanayotusumbua tunapojiuliza kama tuendelee inatokana na upotevu huo kuliko inavyotokana na ukosefu wa muda au bando.

Ndiyo maana nimekuwa nikiyasoma upya maandishi ya Agano Jipya nikiangalia jambo moja tu, yaani yaliandikiwa nani. Luka anaanza Injili yake kwa kumtaja Theofilo, anamweleza kwamba anamwandikia kwa taratibu ili apate kujua hakika ya mambo aliyofundishwa, na anapokianza kitabu cha Matendo anamtaja tena. Mzee Yohana anamwandikia Gaio na kumwombea afya njema kabla hajasema jambo jingine. Paulo anamwandikia Filemoni waraka wa aya 25 juu ya Onesimo, mtumwa aliyetoroka, anawasalimu na Afia na Arkipo na kanisa linalokutana katika nyumba ile, na karibu na mwisho anaomba aandaliwe mahali pa kulala kwa sababu anatarajia kuja. Fikirini maana ya ombi hilo. Mwandishi anayepanga kulala nyumbani kwa msomaji wake hawezi kumwandikia lolote tu. Kila neno alilolitia katika waraka atalikuta limeketi naye mezani wakati wa kula.

Mtu atanipinga, na atakuwa na haki, aseme kwamba wapo wasomaji tusiowajua kabisa, mtu aliyelala macho wazi hospitalini, kijana aliyekata tamaa mjini, ambao huenda neno letu likawafikia saa ambayo hakuna mchungaji aliye karibu. Ni kweli, nami nimepata kuandikiwa na watu wa namna hiyo. Lakini waraka kwa Filemoni uliandikiwa nyumba moja na umesomwa na ulimwengu mzima. Paulo hakufika kwa ulimwengu kwa kuuandikia ulimwengu. Alimwandikia mtu aliyemjua, kwa habari iliyokuwa na jina na deni na kosa ndani yake, na kwa sababu hiyo sisi tusiojulikana tunajiona ndani yake. Mwandishi anayeandika kwa kila mtu huishia kuandika maneno ambayo yeyote angeweza kuyaandika, na msomaji wa mbali huyatambua upesi kuliko tunavyodhani.

Niwape mfano kutoka kwa wasomaji wangu. Yuko mama mmoja mjane, upande wa Ahero, ambaye macho yake hayamruhusu tena kusoma. Jumamosi jioni mjukuu wake humsomea tafakari kwenye simu, akiigeuza kwa Dholuo kadiri anavyokwenda, na mama huyo huwa na ungo mapajani akichagua mawe katika mchele wa kesho. Wiki moja nilikuwa nimeandika juu ya Lazaro, kutoka Yohana 11, na nilikuwa nimejaa mambo ya ufufuo na utukufu. Mjukuu alinipigia akaniambia, “Mwalimu, nyanya anauliza, siku zile nne wageni waliokuja matanga walipikiwa na nani?”

Biblia haisemi. Lakini swali lile lilinirudisha kwenye sura, nikaisoma kama mtu aliyewahi kuwa na wafiwa uani kwake. Yohana anasema wengi walikuwa wamekuja kwa Martha na Mariamu ili kuwafariji. Kisha anasema kwamba Martha, aliposikia Yesu anakuja, alitoka akaenda kumlaki, na Mariamu akabaki ameketi nyumbani. Huyu ndiye Martha yuleyule ambaye katika Luka 10 alikuwa akihangaika kwa utumishi mwingi. Sasa nyumba yake imejaa wageni, msiba ukiwa na siku nne, na yeye ndiye anayeuacha moto na sufuria akatoka kwenda barabarani. Kila mwanamke wa huku kwetu anajua kitakachosemwa juu ya mwenye nyumba aliyewaacha waombolezaji akatoka nje. Na ni huko nje, mbali na wageni, alikosema maneno makuu kuliko yote yaliyosemwa na mtu yeyote katika sura ile, kwamba anasadiki ya kuwa Yesu ndiye Kristo, Mwana wa Mungu, yule ajaye ulimwenguni. Hakuna kitabu cha ufafanuzi nilichokisoma kilichonionyesha gharama ya hatua zile za Martha. Nilionyeshwa na mama aliyekuwa akichagua mchele, ambaye amepika katika matanga mengi na hajawahi kupata nafasi ya kutoka.

Tafakari iliyofuata niliiandika kwa ajili yake, nayo ilikuwa nzuri kuliko ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa na mtu ndani yake. Tangu hapo nimekuwa na kipimo ambacho nawapa bila kusitasita. Chukua karatasi, uandike majina ya watu ambao ukinyamaza mwezi mzima watakupigia simu kukuuliza kulikoni. Usiwaandike wale ambao wangefaa kukusoma, wala wale ambao ungependa wakusome. Waandike wale ambao unayajua maswali yao, nao wanaweza kukujibu. Ikiwa karatasi ina majina, hata kama ni mawili, endelea, kwa sababu una deni kwa watu hao. Ikiwa karatasi ni tupu, pumzika kuandika, uende ukawatafute watu kwanza, katika ushirika, hospitalini, sokoni Kibuye, popote Mungu alipokuweka. Kalamu itakusubiri.

Kuna jambo la pili ambalo lazima tulizungumze kwa uwazi, nalo ni habari za watu wengine. Maisha yetu hayatokei peke yake. Ukiandika jinsi Mungu alivyokusaidia kusamehe, umemwandika na aliyekukosea. Ukiandika jinsi ulivyomwombea jirani akapona, umetangaza ugonjwa wa jirani. Nimesoma shuhuda ambazo hazikumtaja mgonjwa kwa jina, lakini zilitaja kijiji, kazi ya mumewe, na idadi ya watoto, na kufikia Jumapili soko zima lilijua ni nani. Nia ya mwandishi ilikuwa njema, na mgonjwa alihama kanisa. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaihesabu hali ya afya ya mtu kuwa habari nyeti, lakini Mkristo hapaswi kungoja sheria ya nchi imfundishe kunyamaza juu ya siri aliyoaminiwa akiwa amepiga magoti na mwenzake. Katika ushirika wa zamani mwenye habari alikuwa ameketi palepale na angeweza kusema, “Hilo ndugu, liache.” Sisi tunapaswa kumpelekea andiko kabla halijatoka, tumsomee, na akisema hapana, tuliweke. Na ninaposema tumsomee, nawajumlisha watoto wetu. Mtoto wa miaka saba ambaye ukaidi wake umekuwa mfano wa tafakari kila mwezi atakuwa na miaka kumi na saba, naye atajisoma, na marafiki zake watamsoma.

Kama huwezi kuandika tena bila kuyatumia maisha ya watu ambao hawajakubali, hapo naona sababu ya kutosha ya kuacha, hata kama wasomaji ni wengi na wanabarikiwa.

Jambo la tatu ni uwajibikaji, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, mniwie radhi. Tangu Aprili 2023, ilipoanza kufukuliwa miili iliyofikia zaidi ya 400 katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kila Mkenya anayesema au kuandika kwa jina la Mungu anadaiwa jibu la swali moja: ni nani anayeweza kukusahihisha? Watu wale hawakufika msituni kwa siku moja. Walifika kwa mafundisho waliyoyasikia mara nyingi, kutoka kwa sauti ambayo hakuna aliyekuwa na uwezo wa kuinyamazisha. Simfananishi yeyote aliyeketi hapa na hayo. Nasema tu kwamba Yakobo aliposema tusiwe waalimu wengi, tukijua ya kuwa tutapata hukumu kubwa zaidi, hakuwatenga wanaofundisha kwa maandishi mafupi. Mwandishi asiye na mchungaji, mzee au ndugu anayesoma kazi yake na mwenye ruhusa ya kumwambia “hili si kweli” asiendelee mpaka ampate. Hapa sioni nafasi ya kujadiliana.

Na kuacha je? Tunaongea juu ya kuacha kana kwamba ni kurudi nyuma katika imani. Thomas Aquinas, mmoja wa waandishi wakubwa kuliko wote ambao kanisa limepata kuwa nao, aliiweka kalamu chini tarehe 6 Disemba 1273, siku ya Mtakatifu Nikolao, baada ya adhimisho la Misa, kazi yake kubwa ikiwa haijakamilika, na alipohimizwa aendelee alijibu kwamba yote aliyoyaandika yanaonekana kwake kama majani makavu. Alifariki Machi mwaka uliofuata. Kanisa halikumhesabu kuwa mtoro. Mzee Yohana naye anasema mwishoni mwa waraka wake wa pili kwamba anayo mengi ya kuandika, lakini hataki kuyaandika kwa karatasi na wino, kwa kuwa anatarajia kufika na kusema nao mdomo kwa mdomo, ili furaha iwe timilifu. Yapo mambo ambayo karatasi haiyawezi. Ukiona kwamba wiki zako zimejaa kuandika juu ya wagonjwa na huna tena muda wa kuwatembelea, au kwamba mke wako anazijua sala zako kwa kuzisoma pamoja na watu wengine, waraka huo wa pili wa Yohana umeandikiwa wewe, na kunyamaza kwako kutakuwa utii.

Sasa niwaambie nilichoamua. Nitaendelea kuandika, kwa sababu karatasi yangu ina majina. Nitaandika mara moja kwa mwezi badala ya kila wiki, na wiki zilizobaki nitazitumia kuwatembelea wale niliowaandikia, kuanzia Ahero, kwa maana nimegundua kwamba maswali yao huja tukiwa tumeketi, mara chache sana kwa simu. Nitaandika kwa Kiswahili kinachoweza kugeuzwa kwa Dholuo au Kiluhya na mjukuu wa miaka kumi na miwili bila kukwama. Kasisi wetu na mama mmoja wa Umoja wa Mama, ambaye hajawahi kuogopa kuniambia ukweli, watasoma kila tafakari kabla haijatoka, na mmoja wao akisema ingoje, itangoja. Mke wangu ana neno la mwisho juu ya lolote linalohusu nyumba yetu. Alikubali jukumu hilo kwa sharti kwamba asiombwe sababu, nami nimelikubali sharti hilo.

Bado kuna swali la yale yaliyokwisha kuandikwa, ambalo ndugu wawili waliniuliza jana jioni, nami naona linastahili jibu. Je, anayeacha afute yote? Agostino, askofu wa Hipo katika nchi inayoitwa leo Algeria, alipokuwa mzee, miaka michache kabla ya kifo chake mwaka 430, alivipitia upya vitabu vyake kimoja kimoja, akaandika mahali ambapo sasa angesema vingine. Hakuvichoma. Nadhani hiyo ndiyo njia nzuri kwa wengi wetu. Tuyaache yanayoweza kumsaidia mtu, tuongeze neno la kusahihisha pale tulipokua tukaelewa zaidi, na tuyaondoe yale tu yanayomuumiza mtu mwingine, tena tuyaondoe bila kuchelewa.

Kwa wachungaji waliopo, nina ombi, na ndilo la mwisho. Katika kila ushirika wenu wapo watu wawili watatu wanaoandika usiku, na mara nyingi hamuwajui kwa sababu hawakuomba ruhusa ya kuanza. Waiteni. Waulizeni wanamwandikia nani. Wapeni mtu wa kuwasoma kwa uaminifu, na kama mmoja wao anahitaji kuambiwa apumzike, mwambieni ninyi, mkiwa mmeketi naye nyumbani kwake, na mwendelee kumtembelea baada ya hapo. Nimezungumza na mwenyekiti, naye amekubali tuutumie muda uliobaki hadi chakula cha mchana kupanga jambo hili dayosisi kwa dayosisi na kanisa kwa kanisa. Karatasi za kuandikia majina ziko mezani karibu na mlango.